Kilomita 42 za Kwanza: Wiki 20 za Kujiandaa kwa Kilimanjaro Marathon

Njia ya Kilimanjaro Marathon haimsamehi mtu aliyeanza kwa kasi. Mbio zinaanzia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, zinatoka na barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam, na kwa kilomita nyingi za mwanzo barabara ni tambarare, hewa bado ina ubaridi wa alfajiri, miguu inajiona mipya. Kisha mnarudi mjini, na pale ambapo mwili unadhani kazi inaelekea kuisha, barabara inaanza kupanda kwenda Mweka. Haina mwinuko wa kutisha, ila inapanda tu, kilomita baada ya kilomita, mpaka mnapogeuza na kushuka kurudi uwanjani. Moshi mjini uko kwenye mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari. Huko juu mnavuka 1,100. Kwa hiyo sehemu ngumu iko nusu ya pili, jua limeshachomoza na miguu imeshatumika.

Nimeanza na barabara kwa sababu mpango wote huu umepangwa kwa ajili yake. Ukienda Nairobi, Kigali au Dodoma utabadilisha mambo machache, lakini msingi ni uleule. Mkimbiaji wa mara ya kwanza mara chache huangushwa na uvivu. Anaangushwa na haraka: haraka ya kuongeza kilomita, haraka ya kila siku mazoezini, na haraka ya kilomita 10 za mwanzo siku yenyewe.

Hata wakubwa yamewakuta. Mtanzania Juma Ikangaa, aliyeshinda marathon ya New York mwaka 1989, alikuwa mtu wa kuongoza tangu mwanzo. Boston 1990 alitoka kama mshale kwenye mteremko wa mwanzo, na Gelindo Bordin wa Italia akaja kumkamata kwenye vilima vya nusu ya pili. Ikangaa akawa wa pili pale kwa mwaka wa tatu mfululizo. Miaka 35 baadaye, kwenye mashindano ya riadha ya dunia Tokyo, Mtanzania mwenzake Alphonce Simbu alifanya kinyume: alivumilia ndani ya kundi kilomita zote zile, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwenye mita za mwisho kabisa, wote wakiandikiwa saa 2:09:48, tofauti ikiwa sekunde 0.03. Wewe hutagombea medali, lakini Mweka inatumia sheria ileile ya vilima vya Boston.

Kwanza: je, uko tayari kuanza?

Hakikisha mbio unazolipia zina kilomita 42.195. Nchini kwetu matukio mengi yenye jina la marathon yanaishia kilomita 21, mengine 10 na 5 tu. Hakuna ubaya, ila soma kabla ya kutuma pesa. Kilimanjaro hufanyika mwishoni mwa Februari na ina umbali wote: 42, 21 na 5.

Pili, usianze wiki hizi 20 ukitokea kitandani. Kigezo changu ni hiki: uwe umekimbia mara tatu kwa wiki kwa miezi miwili au zaidi, na uweze kumaliza kilomita 8 bila kusimama, hata kama ni kwa mwendo wa kobe. Kama hujafika hapo, jisajili kilomita 21 mwaka huu. Barabara ya Mweka utaipata vilevile, maana mbio za nusu nazo zinapanda huko.

Tatu, pima. Shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu ni vipimo vya kawaida hata kituo cha afya cha kata. Ukiwa umevuka miaka 40, au kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana, au umewahi kusikia maumivu ya kifua au kizunguzungu ukiwa mazoezini, ongea na daktari kuhusu moyo kabla ya kununua viatu. Akina dada wanaopata hedhi nzito wasipuuze kipimo cha wingi wa damu: uchovu usioisha katikati ya programu mara nyingi si udhaifu wa roho, ni upungufu wa madini ya chuma.

Viatu, na mengine machache

Unahitaji viatu vya kukimbilia, si raba za kutokea. Viatu vipya vya dukani ni ghali, na watu wengi wanaokimbia Dar wanavaa mtumba wa Karume bila tatizo, mradi wajue kuchagua. Kikunje kiatu: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati ya unyayo kimekufa. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Sponji iliyo hai inabonyea na kurudi, iliyozeeka ni ngumu kama mti hata kama kiatu kinang'aa. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, aliyekivaa kabla yako alikanyaga hivyo, na sasa atakufundisha wewe kukanyaga hivyo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa sababu mguu unavimba kwenye mbio ndefu, na kucha zitakazogonga kiatu wakati wa kushuka Mweka zitageuka nyeusi.

Programu hii ina zaidi ya kilomita 700. Kiatu kizuri kinadumu kati ya 500 na 800, kwa hiyo panga jozi ya pili kuanzia wiki ya 11 au 12, uizoeshe, uende nayo Moshi. Kiatu kipya siku ya mbio ni kujitafutia malengelenge.

Soksi zisiwe za pamba tupu. Sidiria ya michezo inayobana vizuri si anasa. Mafuta ya mgando yapakwe kwapani, katikati ya mapaja, na kwa wanaume kwenye chuchu; atakayeona haya kupaka ataona mwenyewe damu kwenye fulana. Saa ya kupima mwendo ni nzuri, lakini simu yenye programu ya kupima umbali inatosha.

Mwendo: uimbe mchakamchaka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu.

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua mchakamchaka: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, kundi zima linakimbia huku linaimba. Ule ndio mwendo wako wa mazoezi. Ukiweza kuitikia wimbo bila kukatika pumzi katikati ya mstari, uko sawa. Ukibakiwa na neno mojamoja, punguza, hata kama jirani anakupita, hata kama programu ya simu inakuonyesha dakika 8 kwa kilomita. Kati ya kila mbio tano, nne zifanyike hivyo.

Sababu yake ni ya kimwili. Kwenye mwendo mwepesi moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, misuli inaongeza vimishipa vidogo vya damu, na mwili unazoea kutumia mafuta pamoja na wanga. Jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito mkubwa kwa kilomita 42. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini unamtosha mtu wa kawaida kwa takriban kilomita 30, na anayekwenda kasi anaumaliza mapema zaidi. Ndiyo maana utasikia watu wakisimulia kilomita ya 30 au 32 kama mahali palipo na mchawi: miguu inakuwa ya mbao, kichwa kinakuwa kizito, unaanza kujiuliza nani alikutuma. Mchawi mwenyewe ni wanga uliokwisha. Kilimanjaro unakwisha juu ya mlima au karibu nao.

Mifupa na kano, kwa upande mwingine, zinajenga nguvu taratibu kuliko mapafu. Baada ya wiki sita pumzi itakuwa nzuri kiasi cha kukudanganya kwamba unaweza kuongeza mara mbili. Muundi wa mguu haujakubali bado. Wengi wanaumia pale, wiki ya sita mpaka ya kumi, wakiwa kwenye furaha kubwa.

Wiki yako inavyokwenda

Siku nne za kukimbia zinamtosha mtu mwenye kazi na familia. Jumanne, mbio nyepesi, kilomita 5 zikipanda taratibu hadi 8. Alhamisi, kilomita 6 hadi 10, na hii ndiyo siku ya vilima au ya kasi kidogo. Jumamosi, kilomita 4 au 5 za kunyoosha miguu tu. Kama una klabu ya jogging mtaani, kimbia nao, ila usishindane na vijana. Jumapili, mbio ndefu. Wanaowahi ibada ya kwanza wabadilishane Jumamosi na Jumapili.

Jumatano na Ijumaa, dakika 20 za nguvu nyumbani, bila vyuma: kusimama kwenye ukingo wa ngazi na kupandisha visigino juu na chini kwa mguu mmoja mara 15, kuchuchumaa nusu kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta mara 10, kulala chali na kuinua kiuno mara 15, kuegemea viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, kwa sekunde 40. Rudia kila kimoja mara tatu. Anayeruka sehemu hii anaonekana wazi kwenye mteremko wa kurudi mjini, maana kushuka kunaumiza mapaja kuliko kupanda.

Jumatatu, pumzika kabisa.

Mbio ndefu kwa kilomita, ukianza wiki ya kwanza ya Oktoba:

Wiki ya 1 hadi 4: 10, 11, 13, 10
Wiki ya 5 hadi 8: 14, 16, 18, 13
Wiki ya 9 hadi 12: 19, 21, 23, 16
Wiki ya 13 hadi 16: 24, 26, 18, 28
Wiki ya 17 hadi 20: 30, 20, 12, na mbio zenyewe

Kuna wiki namba zinashuka. Hizo si za kufidia mazoezi uliyoyakosa, ni za mwili kujenga. Ukikosa mbio ndefu moja kwa sababu ya msiba au safari, endelea na ratiba, usirundike mbili kwenye wiki moja. Ukikosa wiki mbili au zaidi kwa ugonjwa, rudi nyuma wiki mbili na ukubali kwamba kilele chako kitakuwa 26 au 28. Watu wanamaliza kwa hizo.

Mtu atauliza kwa nini tunaishia 30 wakati mbio ni 42. Kwa mkimbiaji wa kawaida kilomita 30 ni kama saa tatu na nusu hadi nne. Zaidi ya hapo uchovu unaoupata ni mkubwa kuliko faida, na utatumia siku kumi kupona. Zile 12 zilizobaki zitabebwa na mapumziko ya wiki tatu, chakula cha njiani, na ukaidi.

Wiki ya 10 ni mahali pazuri pa kuingia mbio za kilomita 21 zozote zilizo karibu nawe. Utajifunza foleni ya choo, namba ya kifuani, vikombe vya maji, na utapata muda wa kukadiria nao. Chukua muda wako wa 21, uzidishe mara mbili, ongeza dakika 20 hadi 30. Aliyemaliza kwa saa 2:15 kwenye barabara tambarare atarajie kati ya saa 4:50 na 5:00, na kwa mlima wa Moshi asishangae ikizidi.

Wiki ya 12 inaangukia Krismasi, na nimeiweka iwe nyepesi makusudi. Kama wewe ni Mchaga, au umeoa au kuolewa huko, unajua utakuwa wapi siku hizo. Itumie. Zile kilomita 16 zifanye kwenye barabara ya Mweka, kupanda na kushuka, kabla nyumba haijaamka na kabla ya kibuyu cha mbege kuanza kuzunguka. Hakuna mazoezi ya Dar yanayolingana na kuijua ile barabara kwa miguu yako.

Vilima kwa mtu wa Dar

Daraja la Tanzanite na barabara ya ufukweni ya Coco Beach ni pazuri kukimbia alfajiri, lakini ni tambarare kama sinia. Ukifanya miezi mitano huko tu, Mweka itakushangaza. Kuanzia wiki ya 5, Alhamisi nenda mahali penye mwinuko. Barabara za ndani za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, zinafaa sana. Panda kwa dakika moja na nusu ukiwa na pumzi ya juu lakini hatua fupi, shuka ukitembea, rudia mara sita. Kuanzia wiki ya 9 badilisha Alhamisi moja kwa nyingine: wiki hii vilima, wiki ijayo dakika 20 hadi 30 za kasi ya kati, ile ambayo unaweza kutoa maneno matatu lakini si sentensi nzima. Mara mbili au tatu kati ya wiki ya 13 na ya 17, peleka mbio ndefu upande wa Pugu na Kisarawe, na uzipange ziwe hivi: nusu ya kwanza tambarare, vilima nusu ya pili. Mwili uzoee mpangilio huo.

Kwenye mlima fupisha hatua, tazama mita kumi mbele na siyo kilele, mikono ifanye kazi. Kutembea si aibu. Dakika tisa za kukimbia na moja ya kutembea kwa haraka, ukianza nao tangu mapema badala ya kusubiri kuchoka, ni utaratibu halali ambao umewafikisha watu wengi uwanjani kabla ya waliokuwa wanawacheka.

Joto, giza na barabara

Desemba hadi Februari ndiyo Dar inapochemka, na ndipo mbio zako ndefu zaidi zilipo. Hakuna ujanja isipokuwa kuamka. Kwa kilomita 24 na kuendelea, saa 10 na nusu alfajiri uwe barabarani. Siku za unyevu mkali mwendo utashuka kwa nusu dakika kwa kilomita au zaidi hata kama juhudi ni ileile, usipigane nao. Kichwa kikianza kuuma, ukasikia baridi na vipele vya ubaridi juani, au ukaanza kuongea ovyo, hayo si mazoezi tena: kivuli, maji ya kichwani, nyumbani.

Giza lina mambo yake. Kimbia upande unaotazamana na magari, vaa kitu kinachoakisi mwanga, na chukulia kwamba bodaboda haina taa na haijakuona. Usivae spika za masikioni zote mbili. Akina dada, na hata akina kaka, mbio za giza ziwe za wawili au watatu. Mbwa akitoka, acha kukimbia, mgeukie, tembea. Mwachie mtu nyumbani njia utakayopita na saa utakayorudi.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari, yaani kwenye wiki za mwisho za programu, ambazo kwa bahati nzuri ndizo za kupunguza. Anayefunga akimbie mbio fupi saa moja kabla ya futari, ili maji yawe karibu, na ndefu baada ya tarawehe au kabla ya daku. Kilomita 42 ukiwa na swaumu kwenye jua la Moshi mimi siishauri. Suala la msafiri kula na kulipa siku baadaye mwulize shekhe wako mapema, siyo usiku wa mbio.

Kula na kunywa

Chakula chetu cha kawaida kinamtosha mkimbiaji. Ugali, wali, viazi vitamu, ndizi na mihogo vinatoa wanga. Maharage, dagaa, mayai na samaki vinajenga misuli. Watu wanaoanza mazoezi halafu wakaacha ugali ili wapungue wanajikuta hoi wiki ya nane. Kula ndani ya saa moja baada ya mbio ndefu: chapati na maharage, au uji mzito na mayai.

Sehemu ya kujifunza ni kula ukiwa unakimbia. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, ukianza dakika ya 40 au 45, njaa haijaja. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Jeli moja ya dukani mara nyingi ni 20 hadi 25. Tende ndogo nne au tano zinafika hapo hapo, hazioshwi na jasho na hazikufilisi. Mimi ningeanza na tende. Kokwa ziondoe nyumbani. Jaribu kila kitu kuanzia wiki ya 9, kwa sababu tumbo nalo linafundishwa, na linalokubali kwa mwenzako linaweza kukupeleka wewe porini.

Kwa maji, fuata kiu. Jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu moja ya joto: kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, na hapo utajua mwili wako unavyotoa. Kwenye mbio zinazozidi saa mbili weka chumvi pia. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kamua limau. Wanaokimbia kwa saa tano na zaidi wasinywe kikombe kila kituo kwa kuogopa kuishiwa, maana maji mengi mno yanashusha chumvi ya damu. Vidole kuvimba, kichefuchefu, kuchanganyikiwa: hapo kuongezewa maji ni hatari, tafuta watu wa huduma ya kwanza.

Maumivu

Misuli kuuma pande zote mbili siku ya pili ni kawaida. Maumivu ya upande mmoja yanayoongezeka kadiri unavyokimbia si ya kawaida. Kipimo rahisi: yakikulazimisha kubadili namna unavyokanyaga, simama siku hiyohiyo. Sehemu ya mbele ya muundi ikiuma kwa eneo pana, pumzika siku chache, punguza kilomita, kagua kiatu. Ikiuma kwa nukta moja ambayo unaweza kuigusa na kidole, hasa usiku, inaweza kuwa ufa wa mfupa. Hiyo ni ya hospitali na wiki kadhaa bila kukimbia, hata kama umeshalipia hoteli.

Diklofenaki isiwe rafiki yako. Inapatikana kila duka la dawa na inanyamazisha maumivu ambayo ulipaswa kuyasikia, na ukiimeza ukiwa umepungukiwa maji, figo zinaingia hatarini. Siku ya mbio usiiguse. Na ukiwa na homa, hukimbii. Nenda ukapime malaria, na baada ya dozi jipe wiki nzima ya kutembea kabla ya kurudi.

Wiki tatu za mwisho

Baada ya zile kilomita 30 hakuna unachoweza kuongeza, unaweza kuharibu tu. Punguza umbali, usipunguze siku. Utajisikia mzito, utasikia vimaumivu visivyokuwepo, utatamani kujaribu 25 "za kujihakikishia". Nenda kalale.

Chumba Moshi kitafutwe miezi kabla, kwa sababu wiki ile mji unajaa. Fika Ijumaa, chukua namba yako mapema, Jumamosi usizunguke mji mzima na jua. Siku mbili za mwisho ongeza wanga na punguza mafuta na mboga za nyuzi nyingi. Mtori ni chakula kizuri cha Jumamosi mchana kama tumbo lako linaujua. Kama hulijui jibu, kula wali.

Siku yenyewe

Mbio hizi zimezoeleka kuanza karibu saa 12 na nusu asubuhi. Thibitisha kwenye taarifa za mwaka wako. Amka saa 9 na nusu, kunywa chai, kula mkate na ndizi au uji, kile ulichokizoea. Paka mafuta. Choo ukiwahi ni chako.

Simama nyuma. Kilomita 10 za kwanza zikimbie polepole kuliko unavyotaka, sekunde 15 hadi 20 zaidi kwa kila kilomita kuliko mwendo uliopanga. Wanaokupita kwenye barabara ya Dar wengi wao utawaona tena. Kula tende dakika ya 40 na uendelee hivyo hata kama hujisikii. Mtakaporudi mjini, jiulize kama bado unaweza kuitikia wimbo. Kama huwezi, tembea kituo kizima cha maji, unywe, ule, halafu ndipo uanze mlima.

Kwenye mlima tupa hesabu ya dakika kwa kilomita. Ni pumzi tu. Watoto watakushangilia, kina mama watakuambia pole, wewe fupisha hatua. Ukigeuka kule juu usiruke kwa furaha kuteremka; kilomita mbili za kwanza za mteremko zishike breki kidogo, mapaja yakizoea ndipo uachie. Kilomita 5 za mwisho hakuna mwongozo unaosaidia. John Stephen Akhwari wa Mbulu alizimaliza kwenye Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bendeji, wa mwisho, giza limeshaingia, na bado anatajwa na watu wasiomkumbuka aliyeshinda. Lakini yeye alikuwa ameumia kwa kuanguka. Ukisikia maumivu ya kifua, au ukaanza kuyumba na kupoteza mwelekeo, ondoka barabarani.

Baada ya mstari

Usikae chini hapohapo. Tembea dakika 10 hadi 15, kunywa taratibu, kula kitu chenye chumvi. Bia inaweza kusubiri mpaka umekojoa. Siku mbili zinazofuata ngazi utazishuka kinyumenyume, ni kawaida. Mkojo ukiwa na rangi ya chai nyeusi siyo kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo. Wiki ya kwanza usikimbie kabisa, tembea; ya pili mara mbili, dakika 20 nyepesi; ya tatu ndipo uanze kufikiria ratiba.

Basi la kurudi Dar chukua la Jumatatu kama kazini watakuelewa, na uombe kiti cha pembeni mwa njia. Ni saa nyingi za kukaa miguu imekunjwa ikiwa imevimba, na damu haipendi hivyo. Basi likisimama Korogwe kwa chakula, shuka hata kama huna njaa, tembea dakika zote wanazowapa, ndipo urudi kukaa.